Makoti ya Chumba cha Virusi

Mwaka nilioanza kazi ya kufua ndio ule mchele ulipanda bei mpaka harusini tukala makande. Nilifika maabara ya virusi, huku Tegeta, na mihogo ya kuchemsha tumboni. Msimamizi akanionyesha otoklevu, mtungi wa chuma unaopika vitu kwa mvuke mkali.

"Makoti ya madaktari yanapita humu kwanza, mama. Sabuni baadaye."

Mie nikacheka. Makoti yenyewe meupe pee! Nikamuuliza Daktari wa virusi, mama mmoja mpole, yanapikwa ya nini. Akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Kila seli ya mwili wako ni nyumba, mama. Ina protini za kuanikia: zinachukua vipande vya vilivyomo ndani, zinavitundika nje. Askari wa kinga akiona kipande cha kirusi, anaiua seli hiyo. Sasa, kuna virusi vijanja. Seli ina kinu cha kusagia protini zilizochakaa. Kirusi kinazigonga zile za kuanikia muhuri wa takataka, seli inazisaga yenyewe. Askari anapita, ukuta mtupu."

"Na mwenye mwili?"

"Anaweza kwenda sokoni anacheka."

"Mshenzi mkubwa! Anamfanya mwenye nyumba akate mwenyewe kamba yake ya kuanikia!"

"Usiogope. Yupo askari wa pili, huyo anatilia shaka ukuta mtupu."

Nikashusha pumzi. Ila toka siku ile sikuliamini koti kwa weupe wake.

Baadaye walinipeleka tawi la Temeke, chini ya Mkuu wa Tawi aliyefoka hata akisalimia, kisha nikarudishwa Tegeta. Nimepika makoti mpaka nywele zikawa nyeupe.

Siku yangu ya mwisho umeme ulikatika, jenereta likagoma. Kesho yake walikuwa wanakuja wageni. Msimamizi mpya, kijana wa haraka haraka, akajaza makoti kwenye mfuko.

"Shikamoo bibi. Nenda nayo kwako ukayafue tu, kesho natuma gari."

Kwangu kulikuwa na mjukuu mchanga, kitovu hakijadondoka.

"Koti halitoki humu bila kupikwa."

"Bibi! Siku ya kuagwa ndio unakuwa mbishi? Namwita Mkurugenzi."

"Mwite."

Mdomo ulikuwa mkali, moyoni najiuliza. Kazi yote ile, niondoke na jina la mkaidi?

Mkurugenzi alikuwa yule yule Daktari, kapanda cheo. Akasikiliza, akasema, "Wageni tutawapokea bila makoti. Rudisha mfuko ndani."

Jamani! Kama nimetuliwa gunia kichwani.

Leo nimestaafu, mjukuu anatambaa, mashavu kama maandazi. Nyie mnaoanza kazi hii, mie zawadi za kuagwa nimeshazisahau. Ninachokumbuka ni usingizi wa usiku ule, mtoto ubavuni, sina wasiwasi hata chembe.

Msimamizi naye hakununa. Tukiwa tunakunywa soda za kuniaga, alinionyesha ule mfuko kwa kidole, anacheka.

"Basi bibi, chukua hata moja la ukumbusho."

"Koti halitoki humu bila kupikwa."