Ua Lililobaki Nyuma ya Nyumba

Nyuma ya nyumba yetu Kibagabaga kimebaki kipande kidogo cha majani. Tuliporudi kwetu kutoka uhamishoni Tanzania mteremko wote ulikuwa hivyo, umejaa maua ya porini mekundu yenye manjano kooni. Mama yangu alipoyaona alilia kwa furaha, maana aliyaacha akiwa mtoto. Sasa ni nyumba na kuta tupu. Mama hayupo, na ua limebaki shina moja.

Na hilo moja, jamani, lilinitesa! Linachanua vizuri, chozi, yule kindege wa mdomo mrefu, anakuja kunyonya, halafu maua yanadondoka bila mbegu. Halishiki chavua yake lenyewe, linataka ya mwenzake, na mwenzake kashajengewa gereji juu. Mwaka huu nikayaona mawili kwenye bustani ya jumba moja Kiyovu. Nikaomba chavua, mlinzi akacheka mpaka akashika tumbo, lakini akaniruhusu. Nikaja kuipaka kwa unyoya, na kila ua nililolipaka nikalifunga utepe wa kitambaa chekundu ili nisichanganye. Maganda ya mbegu yakaanza kuvimba. Yalihitaji tu kuachwa yakauke.

Basi nikalala msibani Kicukiro, nikasahau kabisa kwamba kesho yake ni Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Siku hiyo magari hayatembei mpaka kazi iishe. Asubuhi jirani akanipigia simu: "Usijali, mama, hata kwako nyuma tunakufyekea."

"Acheni!" nikapiga kelele, lakini alishakata simu.

Nilipofika, kipande changu kilikuwa kimenyolewa. Katikati lilisimama ua langu, limezungukwa na majani marefu ambayo hakuna aliyethubutu kuyagusa. Alhamdulillahi nilisema, mimi Mkristo, nikacheka huku machozi yananitoka.

Jirani akasogea, akaonyesha vile vitambaa vyekundu, akaninong'oneza: "Mama, dawa hii umepewa na mganga wa wapi?"

Mganga! Mimi, mwanakwaya! Ningeweza kumweleza habari za chavua. Lakini maganda yalikuwa bado mabichi, na yeye panga bado liko mkononi. Nikamwambia anatoka mbali sana.

Jumapili wenzangu wa kwaya waliniachia nafasi pana kwenye benchi. Nikajitandaza kwa raha zangu, nikaimba kuwashinda wote.