Chupa za Shemeji na Maua Yaliyoungua

Mama mkwe wangu, hapa Mandawa, ndiye aliyenifundisha kutwanga majani ya mwarobaini, kuyaloweka, kuyachuja na kuinyunyizia mikorosho kabla ubwiriunga haujatokea, ule unga mweupe unaokausha majani machanga na maua.

"Hii haiponyi, mwanangu," aliniambia. "Inausaidia mti kukataa ugonjwa."

Na mikorosho yetu iliugua kidogo, si kama ya majirani.

Msimu uliofuata alilazwa hospitalini. Ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alipokuja na pikipiki iliyojaa chupa.

"Ni ileile dawa ya mama," alisema. "Nimeiboresha tu."

Nilimwamini, nikanyunyizia. Baada ya siku chache maua yalikuwa ya kahawia, yamejikunja kama yaliyopitiwa na moto. Majirani nao walinunua kwa sababu alikuwa akiwaambia ni dawa ya mama yake. Walikuja kwangu na matawi mkononi. Nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta shemeji kijijini Namungo siku ya mechi, akiuza chupa zake nje ya uwanja. Nilifungua chupa moja, nikanusa. Harufu ya sabuni ya unga ilinipanda puani.

"Umeweka nini humu?"

"Sabuni kidogo, shemeji, ili ishike kwenye jani. Na magadi. Mwarobaini ulikuwa umeniishia."

"Ukaendelea kuuza?"

"Punguza sauti, wateja wanasikia."

Sikupunguza. Niliwaambia wote waliosimama pale kilichomo, kisha nikazimwaga chupa zake mchangani, moja baada ya nyingine. Alinishika kiwiko. Nilimtazama mpaka akaniachia.

Nyumbani mume wangu alinilaumu kwa kumwaibisha ndugu yake mbele za watu. Aibu ya maua ya watu hakuiona.

Mama mkwe aliporudi, alitembea shambani, akivunja vikonyo vikavu. Kisha alimwita mwanawe mdogo.

"Ulipotaja jina langu kwa watu, ulifikiri mimi nimeshakufa?"

 Mama alijifunga kanga, tukaenda mimi na yeye nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wengine walitukaribisha viti. Mmoja alitufungia mlango, na sikumlaumu.

Mwaka ule hatukuokota korosho za maana. Mume wangu husema nimsamehe mdogo wake, ni damu yake. Bado sijamsamehe, na akija hapa simpi hata maji ya kunawa.