Kaburi la Kuigiza Kule Subukia

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na sijaja hapa kumbembeleza mtu aniamini.

Nilikuwa mshika kamera wa kikundi chetu cha wanafunzi, chuoni Nakuru. Tulikuwa tunarekodi video fupi kuhusu kijana anayekufa ghafla, halafu marafiki zake wanasimama mazishini na kumdanganya Mungu mchana kweupe. Marehemu aliigizwa na Wafula, rafiki yangu tangu shule ya msingi, akiwa ndani ya suti ya kuazima. Kevo, aliyekuwa mwelekezi, alikuwa na shangazi mwenye shamba Subukia, na shangazi akaturuhusu tuchimbe kaburi kando ya mahindi.

Kaburi lenyewe lilikuwa la uongo. Lilifika magotini tu. Kulifanya lionekane refu ilikuwa kazi yangu: nalala kifudifudi ukingoni, kamera naiweka chini kabisa, na atakayeitazama video ataapa shimo halina mwisho.

Sasa, mimi ni mtoto wa Nakuru, lakini babu yangu alitoka Magharibi kuja kufanya kazi ya reli, na kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Kama hakuna wa kuzikwa, unazika shina la mgomba. Asubuhi nilimwomba shangazi shina moja, akanikatia huku akicheka. Kevo alipoliona alilitupa kule kwenye ua.

"Tuko kazi, hatuko ocha kwenu kijijini," alisema. "Hiyo story ya mgomba wachia nyanya yako."

"Nitalizika tukimaliza," nikamjibu. "Upende usipende."

Jua lilipokaribia kuzama, wenzetu walienda nyumbani kwa shangazi kunywa chai. Mimi na Wafula tulienda hadi getini, tulikoacha mifuko, nibadilishe betri ya kamera. Hatukukawia. Tuliporudi, tulimkuta mzee mmoja amesimama kando ya kaburi, amevaa viatu vya gambuti na koti zito, jembe mkononi.

"Habari ya jioni," alisema kwa upole. "Niliona mmeacha kazi nusu. Nimewamalizia."

Nikachungulia. Lile shimo la magotini lilikuwa limepita urefu wa mtu. Kuta zimenyooka, na chini giza lilikuwa limeshaingia. Na udongo uliokuwa nje ni ule ule wetu kidogo wa asubuhi. Mwingine ulienda wapi? Niambie basi, wewe unayejua kila kitu.

Wafula akacheka. "Mzee, wewe ni noma! Umechimba hii yote saa ngapi?"

Mzee hakumtazama usoni. Alitazama suti, kuanzia tai mpaka viatu, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu amevaa tayari," alisema. "Wewe ndiye familia?"

Niliogopa, sitaficha. Kicheko cha Wafula kilikatika. Aliinama akaanza kufungua kamba za viatu, taratibu, kama mtu aliyefika kwake jioni. Nilimwita. Hakugeuka. Alivua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga vizuri kwenye nyasi na kusogea ukingoni.

Hapo woga wangu ukageuka hasira. Huyu ni nani wa kunichukulia rafiki kwa sababu ya kazi ya shule? Nilikimbia hadi kwenye ua, nikaliburuta lile shina. Lilikuwa zito, linachuruzika maji, likanichafua suruali yote. Nikasimama kati ya mzee na Wafula.

"Familia ni mimi," nikamwambia. "Na wa kuzikwa ni huyu hapa. Huyo mwingine si wako."

"Jina lake?"

"Anaitwa Mgomba. Jina lingine hupewi."

Nikalisukuma shimoni. Nilisubiri kusikia likitua. Nilisubiri mpaka nikadhani sitasikia. Liliposikika, mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali bei, akaweka jembe begani na kuingia kwenye mahindi.

Kevo na wenzake walipofika, shina lilikuwa limelala kwenye shimo la magotini. Wafula amesimama na soksi, anauliza kama wamemwachia chai. Nililifukia kaburi kwa mikono yangu huku Kevo akipiga kelele kwamba nimemharibia video. Nilimwambia akitaka lingine achimbe na alale yeye.

Walinitoa kwenye kikundi. Chuoni wananiita Mama Mgomba, na mimi naitika. Huwa narudi Subukia kupalilia pale mahali, kwa sababu nilisema mimi ni familia na sikusema kwa mchezo. Kamera sijaiacha, na siiachi.

Wewe unayezunguka na vijana wenzako mkirekodi vifo vya kuigiza, chimba utakavyo, lakini usiache kaburi wazi ukaenda kunywa chai. Na mtu usiyemjua akija kukusaidia kazi ambayo hukumwomba, usimshukuru.

Anayenicheka kuliko wote ni Wafula. Hakumbuki kitu, anasema niliota nikiwa nimesimama. Mwache acheke. Anacheka kwa sauti kubwa, mpaka watu wa jengo la pili wanageuka, na kila nikimsikia najua yule mzee alirudi mikono mitupu.