Helmeti Niliyoiombea Bila Kuikagua

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, brashi na rundo la jezi zilizokauka matope. Nilikuwa nimeandikwa kusafisha vyumba vya kubadilishia nguo katika chuo kikuu kimoja cha Kikristo hapa Birmingham. Mkuu wa Michezo, Mwingereza mrefu mwenye masikio mekundu, akaniuliza kama naogopa harufu.

"Bwana, mimi nimelea wavulana watano," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo nikawa mtu wa timu.

Timu yenyewe ilikuwa ya futiboli ya Kimarekani, na sikuwa nimewahi kuiona. Mimi nilisoma hadi darasa la nne tu, kule Kisii. Nilipoona vijana wamevaa mabega ya plastiki, wamepangana mstari, halafu wanagongana kama mafahali, nilidhani wamekosana. Mpira una umbo la yai, na mara nyingi unabebwa, haupigwi teke. Huo ndio mchezo.

Sasa chuo kinatengeneza kitabu cha historia ya timu, na sisi wazee tumeombwa tuandike tunayokumbuka. Najua wengine wataandika vikombe. Mimi nilifua, kwa hivyo nitaandika nilichokiona nikifua.

Kocha wa kwanza alikuwa mhadhiri wa Biblia kutoka Marekani. Ndiye aliyeanzisha timu, na helmeti za kwanza alizileta kwenye masanduku yake ya nguo, zikiwa zimeshatumika. Tulicheza kwenye uwanja wa kukodi upande wa Sutton Coldfield, umeinama hivi kwamba mpira ukianguka unajiendea wenyewe. Tulishindwa na kila mtu. Watu wa vyuo vingine walikuwa wakituimbia nyimbo za mazishi. Lakini yule mzee hakuinua sauti hata siku moja, na ndiye aliyenitoa kwenye ndoo akaniweka stoo ya vifaa.

"Mama," akaniambia, "mimi nawafundisha kukimbia. Wewe ndiye utakayewarudisha kwa mama zao."

Akanifundisha kukagua helmeti. Nyinyi vijana mnaoshika stoo leo, sikilizeni, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Ndani ya helmeti kuna mifuko midogo ya hewa, unaijaza kwa pampu yenye sindano. Unamvisha mchezaji, unaishika helmeti, unaizungusha. Ngozi ya paji la uso lazima isogee pamoja nayo. Ikizunguka peke yake, ni sufuria, si helmeti. Kisha mkanda wa kidevu, unavuta kila kifungo. Mwisho unapitisha ukucha kuzunguka kila skrubu, kwa sababu ufa huanzia pale. Ufa mpya ni mweupe. Ufa wenye uchafu ndani umekaa siku nyingi, na aliyeuacha ukae ni wewe.

Nilikagua hivyo kila Alhamisi, miaka mingi. Sioni haya kusema nilikuwa hodari. Damu niliiondoa kwa maji baridi na chumvi, na mabega niliyaanika kivulini yasipasuke. Wajukuu wangu, ambao nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, walikuwa wakiniona pembeni ya uwanja wanapiga kelele, "Ona nyanya!"

Kocha wa pili alikuwa mtu wa sauti kubwa, na alitupatia ushindi. Enzi zake ndipo alipokuja Kasisi mpya wa chuo. Mechi za vyuo huchezwa Jumapili, vijana wakawa wanakosa ibada, basi Kasisi akaileta ibada chumba cha kubadilishia nguo. Helmeti zikapangwa kwenye mabenchi, nami nikaombwa nipite nikiwekea kila moja mikono na kuiombea kwa Kiswahili. Wachezaji walipiga magoti, hata wale wasioamini kitu. Walikuwa wakinitania, "Nyanya, yangu iombee mara mbili, leo nacheza mbele!"

Msimu mmoja ukapita bila mtu kuumia kichwa. Halafu mwingine. Kocha akawa ananionyesha kwa wageni. "Mnaona huyu mama? Kwetu vichwa haviumii." Kasisi akanitaja kwenye mahubiri. Nami nikavimba. Ukaguzi wa Alhamisi ukaanza kuonekana kwangu kama kukosa imani. Kama Mungu amezishika, mimi nazikuna skrubu kwa nini? Nikaanza kukagua nusu. Kisha nikawa natia alama kwenye fomu ndani ya basi nikienda Harborne, kwenye kikao cha kina mama, niwasimulie jinsi ninavyoombea timu.

Katika wachezaji alikuwapo Elia, kijana wa mtaa wa Shard End. Mama yake ni Mkenya mwenzangu, anatunza wazee katika nyumba ya wazee, na tunasali naye ibada moja ya Kiswahili. Jumapili moja niliweka mikono juu ya helmeti ya Elia nikaomba vizuri sana. Mpaka Kocha akasema "Amina" kwa nguvu.

Kabla ya mapumziko Elia aligongwa ubavuni. Helmeti ikachomoka ikabingiria mpaka miguuni pangu, na kichwa chake kikapiga chini kitupu. Watu wakamkimbilia. Mimi niliinama nikaokota helmeti. Skrubu ya kushoto ilikuwa imeng'oka pamoja na kifungo cha mkanda, na mahali pake palikuwa na ufa. Ufa mweusi, wenye uchafu ndani.

Nikaificha kwenye gunia la vifaa vya kutupwa, chini ya soksi.

Kesho yake Mkuu wa Michezo aliniita ofisini. Elia alikuwa bado hospitalini, hakumbuki hata alama za mechi.

"Mama, ulizikagua Alhamisi?"

"Zote."

"Na mkanda wake?"

"Ulikuwa mzima," nikasema. Ningeweza kuishia hapo, huo ulikuwa uongo wa kutosha. Nikaongeza, "Labda hakuufunga. Vijana hawa hupenda kuufungua wakipumua."

Akayaandika. Hakuuliza helmeti iko wapi. Aliniamini, kwa sababu nilikuwa yule mama wa maombi.

Kanuni ya timu ilikuwa kwamba anayecheza na mkanda wazi anaondolewa. Elia akaondolewa akiwa kitandani. Masomo aliyaacha, kwa sababu akisoma ukurasa mmoja kichwa kinamgonga. Wenzake wakamtungia jina, Bwana Mkanda. Na mama yake akanishika mkono mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu.

"Mama Kemunto, niombee huyu mtoto. Ukaidi wake umemponza. Kufunga mkanda tu kulimshinda!"

Nikamwombea. Nilifumba macho, nikainua sauti, mama yake akaitikia amina. Hilo linaniuma kuliko ule uongo wa ofisini.

Nilistaafu miezi michache baadaye. Nilipewa sherehe, keki na jezi yenye jina langu mgongoni. Sijaivaa. Kustaafu kunakuacha na nafasi kubwa ya kukaa na nafsi yako, na mimi sikupenda niliyekaa naye. Barua ya chuo kuhusu kitabu ilipofika nilianza kuandika habari za uwanja ulioinama. Nilipofika kwa Elia, kalamu ikakataa. Nikavaa koti nikapanda basi la Shard End.

Elia alikuwa sebuleni, pazia limefungwa nusu, maana mwanga humchoma macho. Mama yake akaniletea chai. Nikasema kabla sijaigusa. Ufa. Gunia. Fomu niliyoijaza ndani ya basi. Nilivyomwambia Mkuu.

Elia ndiye aliyesema kwanza, pole pole, kwa Kiswahili chake cha Birmingham.

"Lakini nyanya, mimi nakumbuka nikifungua. Nakumbuka mkono yangu ikifungua hiyo mkanda. Kila siku naiona."

"Hukuufungua, mjukuu wangu. Ulikuwa umefungwa. Kifungo ndicho kiling'oka."

"Sasa kwa nini naiona?"

Nilikuwa nimeharibu mpaka kumbukumbu yake. Mama yake akasimama, akapita mbele yangu kana kwamba kiti changu hakina mtu, akapiga magoti kando ya kochi la mwanawe.

"Nisamehe, baba," akamwambia. "Nilikusema kwa kila mtu."

Elia alimshika bega. Kisha akanigeukia.

"Naweza kuambia watu? Coach? Hata wale wa timu?"

"Waambie wote," nikasema. "Kwa Mkuu wa Michezo nitakwenda mwenyewe, kesho." Na kesho yake nilikwenda.

"Na wakikataa kuamini?" Elia akauliza.

Nikamwambia asiyeamini nitamwandikia. Maandishi yenyewe ndiyo haya.