Nilivyounganisha newsgroups shuleni Kongwa, tukitafuta dawa ya injini ya maji

Wakuu, heshima kwenu, wa zamani humu na mliojiunga jana.

Wiki hii kijana mmoja ameuliza kwamba kabla ya mitandao ya kijamii watu walikuwa wanabishania wapi. Nimecheka peke yangu, kisha nikaona nisimulie. Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Kama kuna nilichobadilisha, ni kupunguza sehemu ninazoonekana mjinga, na bado mtaziona ni nyingi.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho. Nchi imefunguliwa, mitumba imejaa, na kila ofisi inayojiheshimu ina kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma ili isipate vumbi. Vumbi la Kongwa mnalijua. Lilikuwa linapita chini ya kitambaa na kutusubiri ndani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya bweni. Digrii yangu ilikuwa bado mbichi, na suruali zangu zote zilikuwa na mstari wa pasi. Shule ilipopewa kompyuta ya msaada, nikatumwa Dar kwenye kozi ya siku tatu ya intaneti.

Siku ya kwanza tulijifunza kuiwasha. Siku ya pili umeme ulikatika. Siku ya tatu tukapewa vyeti.

Nikarudi Kongwa nikiwa mtaalamu.

Mkuu wa shule, mama mmoja makini tuliyemwita Madam, akaniambia, "Mwalimu, ujuzi usiishie kichwani mwako. Fundisha na wenzako."

Wakajitokeza wawili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Hamisi wa fizikia. Ukoo wake ni wafanyabiashara wa Mpwapwa tangu enzi za misafara, na ulimi aliurithi hukohuko dukani. Wa pili alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo wa palepale Kongwa, fundi wa injini ya maji ya shule.

Mzee Ndahani hakuja kwa kupenda intaneti. Alikuja kwa sababu alikuwa taabani.

Shule ilitegemea kisima kirefu, na maji yalivutwa na injini moja ya dizeli, ya zamani, yenye gurudumu zito ubavuni ambalo mafundi huliita flaiwili. Wiki iliyotangulia Mzee aliifungua abadilishe beringi. Aliambiwa asubiri fundi kutoka Dodoma. Fundi huyo alikuwa "yuko njiani" kwa mwezi mzima, kwa hiyo Mzee akaamua kuifungua mwenyewe. Beringi ikaingia vizuri. Ila injini iliporudishiwa kila kitu, ikawa inakohoa moshi mweupe na kuzima.

Mafuta yalikuwa yanaingia kwa wakati usio wake. Namna ya kuutega ule wakati ilikuwa kwenye kitabu cha injini, na kitabu kilishaliwa na mchwa.

Ilikuwa kiangazi. Madam alipima tangi Jumatatu asubuhi akatangaza: maji yanatufikisha Ijumaa. Injini isipowaka, Jumamosi watoto wanarudi makwao. Na Jumatatu inayofuata kidato cha nne walikuwa wanaanza mtihani wa majaribio.

Hakuna aliyemlaumu Mzee kwa sauti. Hiyo ndiyo iliyomuuma.

Sasa kwa mliozaliwa juzi: newsgroups zilikuwa vikundi vya maandishi matupu. Hakuna picha, hakuna kupenda wala kufuata. Unaandika ujumbe, unautuma kwenye seva, seva zinapashana, na kesho yake mtu wa upande wa pili wa dunia anakujibu au anakutukana.

Kwenye somo nilizieleza hivyohivyo, nikaongeza na maneno ya kozi. Mzee akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, huo si mnada tu?"

"Mnada?"

"Mnada. Wa mbuzi kona yao, wa ng'ombe kona yao, wa mitumba kule. Ukitaka ng'ombe unakwenda kwa wa ng'ombe."

Wakuu, nimesoma vitabu vingi vya kompyuta tangu siku ile. Sijaona maelezo bora.

Kuunganisha sasa. Simu ilikuwa moja, mezani kwa Madam. Nikachomoa waya kwenye simu, nikauchomeka kwenye modemu, nikapiga namba ya Dar. Modemu ikaanza kulia kile kilio chake.

"Hii nayo inaumwa," Mzee akasema.

Jina la seva nilikuwa nimelinakili kwenye kiganja siku ya vyeti, kisha nikalihamishia kwenye daftari kabla ya kuoga. Nikaliandika. Programu ikauliza: je, nilete orodha ya vikundi vyote?

Kozini hatukufika hapo. Nikaona kukataa ni utovu wa adabu. Nikabofya ndiyo.

Vikundi vyote maana yake vyote. Vya wafuga kasa, vya wabishi wa dini, vya wapenzi wa jibini. Majina yakaanza kushuka taratibu kama wazee wakishuka lori. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Hamisi akakaa pembeni akiyasoma kwa sauti.

Saa nne Madam akaingia. "Mwalimu, hiyo mashine inaongea na nani tangu asubuhi? Afisa elimu ametuma mtu kwa miguu kuuliza kama simu yetu imekufa."

Laini ikakatika yenyewe wakati huohuo, nadhani kwa aibu. Bahati nzuri, kati ya yale yaliyokwishashuka, kikundi cha wapenda injini za zamani kilikuwemo. Nikakichagua hicho kimoja, na kuanzia hapo tukawa na utaratibu: tunaunganisha dakika chache, tunazoa ujumbe, tunakata, tunasoma bila presha, tunaandika majibu, tunaunganisha tena na kutuma. Wanaoanza, nasisitiza: usikubali orodha nzima.

Jumanne nikaandika swali. Mzee alitaka kuniambia la kuandika, nikamkatiza. Nikamweleza kwamba wazungu hawapendi maneno mengi, kwamba kozini tulifundishwa ufupi. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha chuo: injini ya dizeli haiwaki, inatoa moshi mweupe, tunaomba msaada wa haraka. Nikatuma, nikajipongeza.

Jumatano asubuhi tulikuta majibu mawili.

La kwanza: "Injini gani?"

La pili lilinishauri nisome kwanza taratibu za kikundi kabla ya kusumbua watu wazima.

Hamisi alicheka mpaka akashika meza. "Msomi wetu kafukuzwa mnadani! Hata bei ya mbuzi hajaulizia!"

Mzee hakucheka. Alikuwa anaangalia dirishani, kule wasichana walikokuwa wanarudi na ndoo nusu nusu, kwa sababu Madam alishaanza kupunguza mgao.

"Mwalimu," akasema, "uliingia kwa watu hukubisha hodi. Hukusema wewe ni nani. Hukusema umetoka wapi. Wakujibu nini?"

"Mzee, mambo ya kule ni tofauti."

"Wana injini?"

"Wanazo."

"Basi ni watu. Andika."

Nikaandika. Yeye anasema, mimi natafsiri.

"Waambie shikamoo."

"Mzee, hatujui umri wao."

"Waandikie wote. Aliye mdogo atajijua mwenyewe."

Shikamoo ikawa "salamu za heshima kwa wakubwa wa kikundi". Akataka na mbukwenyi, salamu ya Kigogo, iwekwe kama ilivyo, wasome wenyewe. Kisha akaulizia afya zao, mvua zao na mifugo yao. Mimi huku jasho linanitoka, naona namna tutakavyotukanwa na mabara matano.

Kisha akajieleza. Yeye ni Ndahani, wa Kongwa. Injini ameikuta kazini, akapokezwa na mzee aliyestaafu, naye alipokezwa na mwingine. Akasema inavyolia ikiwa nzima, akanilazimisha niandike ule mlio: tu, tu, tu, kimya kidogo, tu. Akasema idadi ya spoku za flaiwili, na herufi zilizobaki kwenye kibati cha kiwandani. Akasema siku aliyoifungua, nani walikuwepo, beringi aliitoa wapi, na nani alimwambia asiifungue.

Akasema pia, kwa fahari kabisa, kwamba hii si injini ya kudharauliwa. Kila mahafali, akija mgeni rasmi, shule huipaka rangi mpya mwili mzima, flaiwili na vyote, ing'ae.

"Hilo la rangi tuliache," nikamwambia. "Halihusiani."

"Liweke. Wajue tunaitunza."

Nikaliweka. Sikuliweka kwa busara, wakuu. Nilikuwa nimechoka kubishana.

Mwisho akamalizia: "Watoto wana maji mpaka Ijumaa, na aliyeifungua ni mimi."

Hapo sikutafsiri haraka.

Ujumbe ulijaza kurasa mbili. Nikautuma mchana ule nikiwa nimefumba jicho moja.

Alhamisi asubuhi tukaunganisha. Majibu yakaanza kuingia. Matatu. Saba. Kumi na moja. Nikajua tumekwisha, mabara yote matano yamewasili.

Hakuna hata mmoja aliyetutukana.

Mmoja aliuliza mbukwenyi hujibiwaje. Mwingine alisema ule mlio aliousoma ndio uliomfanya aitambue injini, baba yake alikuwa nayo moja shambani. Mwingine alitoa pole na kueleza hali ya kondoo wake, mmoja baada ya mwingine.

Na mmoja, Walter, mkulima mstaafu wa Kanada, alikuwa amemsomea mke wake barua yetu wakati wa chai. Akaandika, nami nawatafsiria:

"Mzee Ndahani, kwetu tuko wazima, mvua imekawia. Umesema mnapaka rangi mpaka kwenye flaiwili. Injini hiyo ina alama mbili zimekatwa na tindo kwenye ukingo wa flaiwili. Ya pili ndiyo ya mafuta. Kama mmepaka kila mwaka, alama zimezikwa. Kwangua."

Chini akaeleza hatua kwa hatua la kufanya alama ikionekana.

Nikasoma. Nikainua macho. Mzee alikuwa ameshatoka mlangoni.

Tulimkuta amepiga magoti na kisu cha jikoni. Rangi ilitoka kwa tabaka, na yeye alizitambua moja moja.

"Hii ya kijani, mwaka jana. Hii ya bluu, yule mgeni aliyelala wakati wa ngonjera. Hii ya maziwa, lo! Hii ni ya zamani, sikuwepo."

"Mzee, hapo umefika enzi za Waingereza na mradi wao wa karanga," Hamisi akamwambia. "Ukizidi kidogo utawakuta Wajerumani."

Chini ya rangi ya maziwa, chuma kilionekana. Na kwenye chuma, mistari miwili, midogo kama kucha.

Mzee akaigusa kwa kidole gumba. Akavuta pua, akaomba spana.

Kazi ilichukua mpaka saa kumi alasiri. Mimi nilikuwa msomaji: nasoma mstari wa Walter, Mzee anafanya, anasema "endelea". Madam alikuja akasimama mlangoni na mikono kifuani. Alikuwa ameshaandaa barua za wazazi za kufunga shule, zimechapwa na kurudufiwa, rundo zima mezani kwake.

Mzee akashika mpini. Akazungusha mara ya kwanza. Moshi mweupe.

Akarekebisha kidogo, upana wa unywele. Akazungusha tena.

Tu.

Tu, tu, tu, kimya kidogo, tu.

Wakuu, sijawahi kuona fizikia ikirukaruka kama Hamisi siku ile. Wanafunzi walitoka madarasani bila ruhusa, na Madam, ambaye aliwahi kumwadhibu mtu kwa kupiga chafya wakati wa gwaride, hakuwarudisha. Bomba la tangi likatema vumbi, likatema kutu, kisha likatema maji, wasichana wakapiga vigelegele, na mtu mmoja, sitamtaja, akamwagiwa ndoo nzima juu ya suruali yenye mstari wa pasi.

Mzee Ndahani alibaki amesimama kando ya injini, akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Madam akamwendea.

"Mzee, ahsante."

"Ahsante ni ya watu wa mnadani," akajibu. "Mimi nilikwangua tu."

Siku iliyofuata ilibidi tuwajibu wote kumi na mmoja, kila mtu kwa jina lake, na yule wa kondoo tukamuulizia kondoo. Mzee hakukubali kifupi. Baada ya mwezi watu wa kile kikundi walikuwa wanamuuliza yeye maswali ya injini zao, na mimi mwenye cheti nikawa karani wake. Nilikuwa nimekwenda kufundisha wanaoanza, na aliyekuwa anaanza nilikuwa mimi.

Nilichojifunza hakina uzito wa tasnifu. Kila siku humu naona uzi: "Wakuu msaada, gari haliwaki." Basi. Gari gani? Lilizima wapi? Uligusa nini? Tunakusaidiaje, ndugu yangu, na wewe umechungulia dirishani ukakimbia? Keti, jieleze, hata lile unaloliona halihusiani. Aliye mbali haoni ulichozoea kukiona wewe, na pengine tatizo limekaa hapohapo.

Nani mwingine aliwahi kuzitumia newsgroups mikoani? Ulikuwa kikundi gani, na nani alikutukana kwanza? Na kama umetoka shule za kanda ya kati na unayo kumbukumbu ya injini ya maji, iweke hapa chini, tusome taratibu.

Ile mitihani ya majaribio ilianza Jumatatu kama ilivyopangwa. Karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo Madam aliamuru maswali yarudufiwe nyuma ya zile barua za kufunga shule. Kidato cha nne wakafanya hisabati upande mmoja, na upande wa pili wazazi wao wakiarifiwa kwamba maji yamekwisha.