Mizani ya Bamdogo na Kindege cha Mkolani

Leo bamdogo wangu ameshindwa kuruka, na ndege haina kosa lolote.

Fundi Kulwa ameunda kindege cha watu wawili nyumbani kwake Mkolani. Jana kiliruka vizuri tu. Leo akatangaza: abiria asizidi kilo themanini, la sivyo hakinyanyuki.

Bamdogo, mnunuzi wa pamba tangu miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, akaleta mizani yake ile ile ya kununulia. Akaning'inia.

Sabini na nane!

Jamani, lile tumbo mnalijua. Akapanda na fundi.

Kindege kikakimbia, kikakimbia, kikamaliza uwanja wote, kikaishia kwenye matuta ya viazi.

Bamdogo akatoka na majani kichwani. "Ndege mbovu hii!"

"Ndege nzima," fundi akasema. "Au mizani yako inadanganya?"

Sasa waliosimama pale, wengi ni wakulima wanaomuuzia pamba. Wote wanasubiri jibu. Ingekuwa nyie mngesemaje?

"Mizani yangu ni sahihi! Labda... nimenenepa hapa njiani."

Mama yangu akapaza sauti: "Inawezekana, shemeji. Mbona pamba yetu ikifika kwako inakonda?"