Siku Nilipofanya Mazoezi ya Nyonga Ukweni

Jamani, hili jambo nikilisema mpaka leo uso unaniwaka moto, lakini kwa kuwa mke wangu analisimulia kwenye kila harusi, na analisimulia kwa kuongeza chumvi, bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi cherehani Kariakoo, kwenye baraza ya duka la vitambaa, nakaa tangu asubuhi mpaka jua linazama, nakanyaga cherehani tu. Goti la kulia likaanza kuniuma, kupanda ngazi shida, kuchuchumaa shida, nikalipaka kila kitu (hata mafuta ya simba niliyouziwa sokoni, ambayo naamini yalikuwa ya kondoo), wapi. Mwishowe nikaenda kwa daktari mmoja Mhindi mwenye zahanati kule Posta. Akaniambia nisimame kwa mguu mmoja. Nyonga ikabonyea upande, goti likakimbilia ndani, nikamdaka bega nisianguke.

"Goti lako halina kosa," akasema. "Misuli ya nyonga na makalio imelegea kwa kukaa kutwa, sasa goti linabeba kazi isiyo yake. Lala ubavu, inua mguu juu, shusha taratibu. Fanya kila siku, na ukikaa sana goti likikaza, fanya hapo hapo."

Hiyo "hapo hapo" ndiyo iliyoniponza.

Wakati huo mjomba wangu Shabani alikuwa amenipelekea posa mtaa wa Gerezani kwa Mzee Salum, fundi wa karakana ya reli, baba yake Mwanaidi. Mzee hakukataa, ila alikuwa amesikia kwamba nachechemea, akamwambia mjomba, "Mlete nimwone anavyotembea. Simpi binti yangu mtu mgonjwa."

Basi Jumapili baada ya Alasiri tukaenda. Nikaingia na kanzu yangu mpya, natembea kama askari wa gwaride, goti linalia ndani kwa ndani nami nacheka. Nikatoa shikamoo, nikajibiwa marahaba, nikakaribishwa mkekani. Sasa kukunja miguu mkekani, wenzangu, na mzee yule alikuwa mtu wa maneno, akaanza habari za vichwa vya treni kimoja baada ya kingine, mpaka pilau ikaja, ikaliwa, ikaisha, na goti langu likawa gogo. Nikajiambia nikisimama hivi hivi nitachechemea na mke nimemkosa. Nikaomba kwenda uani, nikajivuta nikishika ukuta.

Uani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na jamvi chini na kanga zimeanikwa kwenye kamba ya chini, ya kufika kiunoni, zimeziba vizuri, nikasema hapa nitanyanyua mguu mara chache nirudi. Nikalala ubavu, nikapandisha kanzu (ndani nilivaa kaptula, naomba hilo likumbukwe), nikaanza. Kumbe mguu ulikuwa unatokeza juu ya kanga, unapanda, unashuka, na mama mkwe alikuwa anatoka jikoni na sinia.

Sinia likaanguka. "Mgeni ana kifafa," akaita, na kabla sijainuka wanawake wa nyumba nzima wamenizunguka, mmoja kanikandamiza mabega, mwingine ananinusisha kitunguu, shangazi mtu anaagiza ubani uletwe upesi. Na Mwanaidi mlangoni, kaziba mdomo. Nikatafuta neno la heshima la kujitetea, likakosekana, nikamtazama mama mkwe machoni nikasema, "Si kifafa, mama. Ni makalio yangu, yamelegea. Daktari kasema niyakaze."

Mama mkwe akajifunika kanga uso mzima akarudi jikoni, mabega yanatetemeka, nami nikadhani analia.

Mzee Salum akatokea, mjomba nyuma yake kainamisha kichwa. "Simama," mzee akasema, "unieleze huo ugonjwa." Nikaeleza yote, goti, cherehani, daktari, na kwa kutaka aniamini nikasimama kwa mguu mmoja nimwonyeshe. Nyonga ikabonyea vile vile, nikashika kamba ya nguo, kamba ikakatika, tukaenda chini mimi na kanga zote.

Nilipofukua kichwa, mzee alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kashika nguzo. Nyonga yake ikabonyea.

"Mwaka mzima sisujudu bila maumivu," akasema polepole. "Nimekandwa, nimechanjwa, wote wanashughulika na goti. Hebu lala tena, huo mguu unauinuaje?"

Mjomba anasema katika kushughulika na posa hajapata kuona uchumba unakubaliwa hivyo, baba mkwe na mkwe wamelala jamvi moja, wananyanyua miguu, na shangazi anapita na ubani kwa sababu umeshawashwa.

Mwanaidi nilimwoa. Goti lilichukua miezi kupoa, la mzee pia, lakini jina la Fundi Makalio lilinikaa Gerezani nzima, na mama mkwe mpaka anafariki, Mungu amrehemu, hakuweza kunikaribisha bila kujifunika mdomo.

Kwa hiyo nasema, goti likikuuma itazame na nyonga, hilo ni kweli na nimelijaribu mwilini mwangu. Ila mimi tangu siku ile nafunga mlango kwa komeo, navuta pazia, halafu ndipo nainua mguu.